Gari Lililolala Kila Kona

Mama Gia aliendesha magari ya ofisi ya maji kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumtapisha abiria hata mmoja. Hilo alikuwa akilisema mbele za watu bila haya, kama wengine wanavyotaja vyeti vyao. Aliwabeba wahandisi na mabomba yao, wapima ardhi na vyombo vyao vya vioo, na mara moja mama mjamzito aliyekutwa njiani akiwa ameshika kiuno. Wote walifika salama, nguo safi, na wengine ikabidi waamshwe.

Hakuanza kazi kama dereva. Aliajiriwa kufagia uwanja wa magari. Sasa, shida ya uwanja wa magari ni kwamba umejaa magari, na huwezi kufagia chini ya gari bila kulisogeza. Kila asubuhi ilimbidi awabembeleze madereva wamsogezee, na kila asubuhi madereva walikuwa wanakunywa chai. Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akaingia kwenye gari lililokuwa karibu, akalisogeza mwenyewe hatua nne, akafagia, akalirudisha. Hakuna aliyemwona. Kesho yake akasogeza mawili. Baada ya miezi sita alikuwa anayapanga magari yote kwa mstari mmoja kabla ofisi haijafunguliwa, mpaka mkuu wa usafiri akauliza ni dereva gani huyu mwenye nidhamu, ili ampandishe cheo. Wakamwonyesha mwanamke aliyeshika fagio.

Jina la Mama Gia lilikuja baadaye, siku klachi ilipomfia mlimani akiwa na mhandisi mkuu. Alilirudisha gari hadi mjini akibadilisha gia kwa kusikiliza injini tu. Mhandisi yule alikisimulia kisa hicho katika kila mkutano wa mwaka mpaka alipostaafu, na kila mwaka mlima ulizidi kurefuka.

Zamu yake mwenyewe ya kustaafu ilipofika, ofisi ilikuwa inaondoa magari yake ya zamani, na miongoni mwake lilikuwepo Namba Saba. Lilikuwa gari la kazi za porini, la mraba kama kabati, lenye magurudumu makubwa na keria nzito ya chuma juu ya paa. Ndilo gari la kwanza alilokabidhiwa kwa jina lake. Aliliendesha miaka minane, kisha akapewa jipya, na Namba Saba likaendelea kupita mikononi mwa wengine. Alilikuta uwanjani limepauka rangi, na panya wamezalia kwenye kiti cha nyuma. Akalinunua siku hiyohiyo.

Mume wake, fundi cherehani na mtu wa maneno machache, alilizunguka mara mbili mikono ikiwa mgongoni. Akachungulia ndani.

"Viti vitahitaji kushonwa upya," alisema. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba ya pongezi.

Aliyelipatia gari kazi ya kwanza alikuwa wifi yake, dada wa huyo fundi cherehani. Wifi alikuwa mpishi wa keki aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na mawifi hawa wawili walikuwa wametaniana kwa miaka thelathini na mitatu bila hata mmoja kukubali kushindwa. Jumamosi moja Wifi alikuwa na keki ya harusi ya ghorofa tatu, nyeupe, yenye maua ya sukari aliyoyatengeneza siku mbili nzima. Waliiweka nyuma juu ya taulo lenye unyevu ili isiteleze. Wifi akakaa pembeni yake, mikono ameikunjua kama golikipa.

Barabara ya lami haikuwa na neno. Matata yalianzia kwenye kona ya kiwanda cha matofali, ambapo njia inakata kushoto kwa ghafla kisha inakata kulia. Mama Gia aliikata kona ile kwa mwendo uleule aliozoea kuikata maisha yake yote. Namba Saba likalala upande wa kulia kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Lilipofika kwenye kona ya pili likainuka, likasita, kisha likalalia kushoto, na baada ya kona kwisha likaendelea kuyumba mara mbili zaidi kana kwamba halijasadiki kuwa njia imenyooka.

"Wifi!" ilisikika sauti kutoka nyuma. "Unaendesha au unabembeleza mtoto?"

"Shika keki!"

"Nimeishika! Sasa mimi nani atanishika?"

Walipofika ukumbini, ghorofa ya juu ilikuwa imehama vidole vinne kuelekea kushoto. Wifi hakupiga kelele. Alifungua kopo la krimu alilotembea nalo kwa ajili ya ajali, akajaza ufa, akateremsha maua ya sukari kwa mshazari kutoka juu hadi chini, akazungusha utepe, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia. Ilionekana kama ilikusudiwa. Shangazi wa bibi harusi alisogea, akaisifu, akauliza kama na yeye anaweza kutengenezewa ya kuinama namna ile.

Njiani kurudi, Wifi alipangusa krimu vidoleni kwa kitambaa. Alipozungumza hakutania, na hapo ndipo Mama Gia alipoumia.

"Wifi yangu, usinielewe vibaya. Labda ni macho? Au mikono? Miaka sitini na moja si michache."

"Macho yangu mazima."

"Sawa. Ila baada ya wiki tatu nina keki ya shule. Inatimiza miaka hamsini, wanataka ghorofa nne. Ile nitaipeleka kwa gari lingine."

Mama Gia alibadilisha gia. Alipofika nyumbani alijaza kikombe maji mpaka kwenye ukingo, akakinyanyua kwa mkono ulionyooka, akakitazama. Hakikumwagika hata tone. Akajaribu mkono wa pili. Haukutetemeka. Lakini moyoni likabaki swali, kwa sababu mtu hajioni anavyozeeka, huonwa na wenzake.

Jumatatu alilipeleka gari kwa Fundi Shokapu. Fundi huyu alikuwa na gereji ya mabati karibu na kituo cha mafuta, na alikuwa akiona ugonjwa uleule katika kila gari. Usukani mzito? Shokapu. Tairi linalika upande? Shokapu. Watu walisema ukimwambia redio haishiki stesheni, atainama kwanza aangalie shokapu. Alikandamiza kona ya mbele ya Namba Saba kwa mikono miwili, akaiachia. Gari likaruka juu, likashuka, likaruka tena, likashuka tena.

"Umeona? Gari zima likiachiwa linainuka mara moja na kutulia. Hili linacheza ngoma. Shokapu ndizo za kulituliza, na zimekwisha."

Kwa kweli zilikuwa zimekwisha, mbili zilikuwa zinavuja mafuta kabisa. Akabadilisha zote nne. Mama Gia akalipitisha gari kwenye barabara ya mashimo na kuona tofauti papo hapo, kule kurukaruka kumekoma. Akaelekea kwenye kona ya kiwanda cha matofali akiimba. Kwenye kona wimbo ulikatika. Namba Saba lilikuwa limelala vilevile, isipokuwa sasa lilikuwa linalala polepole, kwa heshima zaidi.

"Labda shokapu hazijazoea," alisema Fundi Shokapu aliporudishiwa gari.

"Fundi, shokapu si kiatu."

"Nikuambie ukweli, mama? Magari haya ni marefu. Kulala kidogo ni asili yake."

"Nimeliendesha hili miaka minane. Asili yake naijua mimi."

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya mlango na daftari la shule mapajani. Alikuwa anamkumbuka mhandisi mmoja aliyekuwa akitafuta mabomba yanayovuja. Mhandisi yule hakuchimba ovyo. Alifunga koki moja tu, akasubiri, akasoma mita, akaandika. Kisha akafunga nyingine. Mama Gia alikuwa akimsubiri garini saa nzima nzima, akimwona mtu wa ajabu mwenye subira ya jiwe. Sasa akaandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: KITU KIMOJA KIMOJA. Chini yake akaandika: upepo wa tairi, mzigo wa juu, springi, usukani na magurudumu.

Alihitaji pia kipimo, maana kusema "limelala sana" au "limelala kidogo" ni maneno ya mdomo tu. Akachukua chupa pana ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, akaijaza maji nusu, akabandika karatasi ubavuni. Gari likilala kwenye kona, maji yatapanda upande mmoja, na mtu ataweka alama yalipofika. Mtu huyo alikuwa mume wake, aliyefunga duka lake la ushonaji saa moja kabla ya wakati, akaja na chaki yake ya kuchorea vitambaa nyuma ya sikio.

"Mwendo wa arobaini, kila mara," Mama Gia alimwambia. "Kona ileile, mwendo uleule. Wewe angalia maji, usiangalie njia."

"Sijawahi kuangalia njia ukiendesha," alijibu mumewe.

Wakaanza na upepo. Tairi za kushoto zilikuwa laini kuliko za kulia, tena kwa tofauti kubwa. Wakazijaza zilingane, wakaikata kona, mume akaweka alama. Maji yalishuka upana wa ukucha. Mama Gia akaandika. Kesho yake wakateremsha keria. Iliwalazimu kuita majirani wanne, kwa maana ile keria ilitengenezwa kubeba mabomba ya chuma, na juu yake kulikuwa na tairi mbili za akiba na jeki kuukuu ambalo hakuna aliyekumbuka liliwekwa lini. Jirani mmoja alisema nyumba yake ina paa jepesi kuliko lile. Wakaikata kona. Maji yakashuka kidole kizima.

"Hiyo ni kama theluthi ya ugonjwa," Mama Gia alisema, akiandika kwa furaha. "Kumbe tulikuwa tumelivalisha kofia ya zege."

Siku ya tatu waliegesha gari kwenye sakafu ya saruji ya jirani, iliyo sawa, mume akatoa futi yake, ile laini ya kupimia nguo. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, akizunguka kwa magoti na pini mbili mdomoni kwa mazoea tu. Wapita njia walisimama.

"Unalishonea suti?" mmoja aliuliza.

"Kaptula," alijibu fundi cherehani bila kugeuka. Kisha akamwambia mkewe, "Mabega yako sawa. Nyuma kushoto na kulia sawa, mbele sawa. Hakuna upande uliokaa chini."

Basi springi zilikuwa hazijachoka. Wakaliinua kwa jeki, gurudumu moja baada ya jingine, Mama Gia akalishika juu na chini akalitikisa, halafu kushoto na kulia. Hakuna lililokuwa limelegea. Usukani haukuwa na mchezo. Akafuta mistari minne ya daftari mmoja baada ya mwingine, na gari lilikuwa bado linalala kuliko inavyopaswa. Alikaa akiitazama karatasi. Kisha, chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaandika neno moja: dereva.

Mume wake alilisoma kwa juu ya bega lake. Alichukua kofia yake, akatoka, na aliporudi baada ya nusu saa alikuwa anatembea haraka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa Fundi Shokapu kuna gari kama letu," alisema. "La daktari wa mifugo. Lilikuwa na kazi ya breki, imekwisha, mwenyewe anakuja kulichukua jioni. Nimempigia simu, amekubali ulijaribu. Njoo na chupa."

Lilikuwa gari la aina ileile, la umri uleule, tofauti yake rangi tu. Mama Gia alikaa kwenye kiti, akarekebisha kioo, akashusha pumzi. Fundi Shokapu akapanda nyuma kwa sababu ni gari la mteja. Mume akakaa mbele na chupa. Wakafika kwenye kona ya kiwanda cha matofali kwa mwendo wa arobaini, na Mama Gia akaikata kama alivyoikata maisha yake yote.

Gari liliinama kidogo tu. Likapita. Kwenye kona ya pili likainama kidogo upande wa pili, likanyooka pamoja na njia.

Mama Gia akageuza, akarudi, akapita mara ya pili. Akapita mara ya tatu. Wafanyakazi wa kiwanda wakaanza kusimama kwenye lango kuangalia. Mume akanyanyua chupa ili wote waone alama ya chaki, ikiwa chini sana ya zile nyingine.

"Siyo mimi," alisema Mama Gia. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi asimamishe gari kando ya njia afute machozi kwa kilemba. "Siyo mimi! Ni gari! Ni gari hili shenzi!"

"Lile," mumewe alimsahihisha. "Hili ni zima."

Gerejini waliyaegesha magari mawili ubavu kwa ubavu. Fundi Shokapu alitandika magunia, na Mama Gia, pamoja na miaka yake sitini na moja, akalala chali chini ya gari la daktari na kuanza kuhesabu vitu kwa sauti kama mwalimu anayeita majina darasani. Ekseli. Springi. Shokapu. Bomba la breki. Chuma kirefu kilichopinda, kinachotoka upande mmoja hadi upande mwingine, kimeshikwa kwa raba mbili katikati na kufungwa kwenye ekseli huku na huku. Kisha akajiburuta hadi chini ya Namba Saba. Ekseli. Springi. Shokapu, mpya kabisa. Bomba la breki.

"Fundi," aliita. "Kwa daktari pana chuma hapa. Kwangu pana hewa."

Fundi Shokapu akaingia chini upande wa pili, akawasha tochi. Juu ya chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, palikuwa na matundu manne ya boliti, na vumbi la miaka ndani yake. Kwa muda kidogo tochi haikusogea.

"Stabilaiza," alisema kwa sauti ya chini. "Mama, hili gari halina stabilaiza ya mbele. Ile ndiyo inaunganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukitaka kuzama peke yake, chuma kinakataa, kinauvuta na mwenzake. Bila hicho kila upande unafanya unavyotaka." Akazima tochi. "Nililala chini ya gari hili siku mbili nzima."

"Ulikuwa unaangalia shokapu."

"Nilikuwa naangalia shokapu," alikiri.

Asubuhi iliyofuata Mama Gia alikwenda kwenye uwanja wake wa zamani. Pale bado alikuwepo Mzee wa Stoo, mtunza vifaa aliyekuwa amewaona wakuu sita wakija na kuondoka, na ambaye naye alitakiwa kuwa ameondoka zamani ila hakuna mwingine aliyejua kitu kiko wapi. Walisalimiana kwa kelele, wakaulizana habari za magoti, kisha mzee akateremsha daftari nene, akalamba kidole, akaanza kufunua.

"Namba Saba, Namba Saba... Hii hapa. Imetolewa stabilaiza ya mbele ili kubadilishiwa raba. Raba zimeagizwa." Akaangalia tarehe. "Miaka sita iliyopita."

"Zilikuja?"

"Bado ziko njiani."

"Na chuma chenyewe?"

Mzee wa Stoo alifunga daftari polepole. Akajikuna shingo. Akatazama dirishani, na Mama Gia akayafuata macho yake hadi kwenye upenu wa jiko la ofisi. Pale, kwa waya mbili, kilining'inia chuma kirefu kilichopinda, kimepakwa rangi ya kijani, na nyundo ndogo imetundikwa pembeni.

"Kina sauti nzuri sana," alisema mzee kwa haraka.

"Mzee wangu! Mnaitana chai kwa kiungo cha gari langu?"

"Hakikuwa na kazi! Tulisubiri raba mwaka mzima. Na kengele ya zamani ilikuwa imepasuka. Sasa nikikupa hicho, saa nne watu nitawaitaje? Kwa barua?"

Ilikuwa haki yake kuuliza. Wakaenda wote wawili kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya stoo kutafuta mbadala. Wakaokota rimu ya gurudumu, wakaitundika, mzee akaigonga. Ilitoa mlio wa sufuria iliyopasuka, na papo hapo milango miwili ya ofisi ikafunguka, watu wanne wakatoka na vikombe.

"Bado!" mzee aliwapigia kelele. "Ni saa tatu na nusu! Rudini!"

Wakajaribu dramu ya breki. Hiyo ilivuma vizuri lakini kwa mbali, kama iko ndani ya kisima. Safari hii walitoka watu saba, wengine wakiwa tayari wameshika mikate. Wakarudishwa tena, wakinung'unika. Mwishowe Mama Gia akavuta kipande cha bomba la maji, kinene, cha urefu wa mkono. Mzee alipokigonga, sauti ilitoka safi, ikakaa hewani, ikakwenda mpaka barabarani. Ofisi nzima ikatoka. Nyuma yao akatoka hata mkuu mwenyewe, mama mrefu mwenye miwani, kikombe mkononi.

"Leo kuna chai ngapi?" aliuliza.

Ilipoelezwa habari yote, kuanzia keki hadi hewa chini ya gari, mkuu alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Akaegemeza karatasi ya kutolea chuma begani mwa Mzee wa Stoo, akaisaini. Na kwa kuwa wote walikuwa nje tayari, wakanywa chai.

Gerejini, Fundi Shokapu alikikwangua chuma rangi ya kijani mpaka kikang'aa, akakilaza kwenye saruji kuona kama miaka ya kugongwa imekipindisha zaidi. Ncha zote mbili zililala sawa. Raba mpya na viungo vya pembeni vilipatikana katika duka la vipuri siku hiyohiyo, bila kuagizwa. Wakakipandisha mahali pake, boliti nne zikaingia kwenye matundu manne. Mama Gia alitaka zikazwe mara moja, ila fundi akamzuia mkono.

"Tusikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishuke kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo tukaze. Vinginevyo raba zitakuwa zimejikunja, na baada ya mwezi zitakatika."

Mama Gia alimtazama kwa macho mapya. "Kumbe unajua kazi."

"Nikiacha kuangalia shokapu, najua."

Walikwenda kwenye kona wote watatu, yeye, mume na fundi. Mwendo wa arobaini. Namba Saba liliinama kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, likarudi mara moja na kusimama wima. Mume akaweka alama ya chaki. Ilikuwa sawasawa na ile ya gari la daktari, tofauti ya unywele mmoja. Mama Gia alisimama kando ya njia, akafungua daftari, akalikata lile neno dogo la mwisho kwa mstari mnene, kisha kwa mwingine, kisha akaona heri alichane kabisa lile pande la karatasi.

Kumshawishi Wifi ilikuwa kazi nyingine. Alikuwa amekwisha kumwambia mwenye gari la kukodi. Alisikiliza habari ya stabilaiza mikono ikiwa kwenye unga, akasema ni maneno mazuri lakini keki haili maneno.

"Basi vaa nguo yako nzuri," Mama Gia alimwambia. "Ile ya rangi ya krimu. Kaa mbele, pakata beseni la maji, tuzunguke kona."

"Na yakinimwagikia?"

"Nitaifua mimi, niipige pasi mimi, na nitakuita 'mama mkubwa' mbele za watu mwaka mzima."

Hapo Wifi akavua aproni. Alikaa mbele na beseni mapajani, miguu ameikaza, macho ameyafumba. Walipofika kwenye kona ya kiwanda cha matofali aliyafumbua. Maji yalipanda, yakakaribia ukingo, yakashuka. Kona ya pili, vilevile. Nguo ilibaki kavu. Wifi aliliangalia beseni kwa muda mrefu kana kwamba limemsaliti.

"Nilitaka sana hilo la mama mkubwa," alisema mwishowe. Kisha akaongeza kwa sauti nyingine kabisa, "Nilisema vibaya siku ile, wifi. Ya miaka."

"Ulisema ulichokiona."

"Nilikiona vibaya. Haya, keki tutapeleka wote. Lakini ukipiga chafya tu, nashuka nayo."

Siku ya shule, keki ya ghorofa nne ilikaa nyuma ya Namba Saba, Wifi pembeni yake, na safari hii mikono ilikuwa mapajani. Walipofika, walimu sita walikuja kuipokea. Mama Gia alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamkuta Wifi amelaza kichwa dirishani, mdomo wazi, anakoroma. Keki ilikuwa imesimama wima kama mlingoti. Hakumwamsha kwanza. Alisimama kidogo akilitazama jambo hilo, kwa maana hakutaka liishe haraka.

Habari zilienea, hasa kwa sababu Fundi Shokapu alizieneza mwenyewe, pamoja na kosa lake, jambo ambalo si mafundi wengi wangelifanya. Akaweka kiti cha pili gerejini, chini ya mabati, na kwa kila gari lililomshinda akawa anasema, "Hili tumngoje Mama Gia." Alhamisi moja alikuja mwenye gari la mizigo, mtu mnene mwenye haraka, akilalamika kuwa gari lake linavuta upande na kuyumba, na kwamba bila shaka ni shokapu. Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Mama Gia akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Ulilipata lini, na kabla yako lilikuwa linafanya kazi gani?"

"Mama, nina haraka."

"Basi tuanze na upepo."

Baada ya upepo alimpeleka kwenye kona ya kiwanda cha matofali, yeye mwenyewe akashuka na kusimama kwenye nyasi, mahali ambapo magurudumu ya mbele huonekana vizuri. Yule mtu alipita mara ya kwanza shingo ameipindisha dirishani kutafuta uso wake, gari likiukosa mfereji kwa nusu hatua. Mama Gia alimpungia mkono arudi.

"Rudia," alimwambia, "na safari hii usiniangalie mimi. Angalia njia."